Karatasi Mkononi: Mgeni wa Steemit Kutoka Kikula

Jumamosi moja hapa Likasi, mtaani Kikula, kijana wa jirani alinipa simu yake nimpige picha. Alishika karatasi ya daftari yenye jina alilojichagulia, tarehe ya siku hiyo na neno Steemit, yote kwa kalamu ya bluu. "Papa, karatasi isomeke," akasisitiza. Picha ya kwanza iliharibiwa na jua. Ya pili ikakubali.

Karatasi hiyo ndiyo hodi ya mgeni. Steemit, tovuti ya makala iliyoanzishwa mwaka 2016 na Ned Scott na Dan Larimer, humlipa mwandishi kwa sarafu ya kidijitali iitwayo STEEM, kulingana na kura za wasomaji. Palipo na malipo hapakosi wezi wa picha na maandishi ya watu, kwa hiyo wenyeji hutaka kwanza kuuona uso wako na kujua unatoka wapi.

Mama yake alipotukuta, aliuliza swali moja tu: "Hii si Bindo?" Wazee hawajausahau mchezo ule wa fedha ulioporomoka mwaka 1991 na kuzama na akiba za watu. Swali ni la haki. Kufungua akaunti ya Steemit ni bure. Atakayekudai dola za kuingilia, au kukuahidi faida kila wiki ukimwachia fedha zako, huyo ni Bindo hata akijiita jina jingine.

Makala ikitoka, kura hukusanywa kwa siku 7, kisha malipo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na waliompigia kura. Lakini kura hazina uzito mmoja. Aliyefungia sarafu nyingi kwenye akaunti yake ana kura nzito. Ya mgeni haisogezi kitu. Kijana wangu alitoa makala tatu kwa siku moja, zote juu ya Bitcoin, zote zikinuka Kifaransa cha kunakili. Hakupata hata senti.

Nilimwambia apumzishe kalamu wiki nzima, asome wenzake na kuwaandikia maoni: si "nzuri sana", bali swali la mtu aliyesoma hadi mwisho. Kisha nikamuuliza, Bitcoin utamfundisha nani? Andika Shituru na viwanda vyake vya shaba. Andika babu yako aliyeuita mji huu Jadotville. Shinkolobwe, ilikotoka urani ya bomu la Hiroshima, haiko mbali na hapa. Msomaji wa Korea au Venezuela, na huko wamejaa, hawezi kuyapata hayo kwa jirani yake.

Kuhusu bei, mtu wa Likasi hahitaji somo refu: shaba inatoka kwetu, bei inatoka London. STEEM ilipita dola 7 mwanzoni mwa 2018. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa chini ya nusu dola, na kampuni inayoendesha Steemit ikawapunguza wafanyakazi wake wengi. Mwaka 2020 Justin Sun, mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali, aliinunua kampuni hiyo, ugomvi ukazuka, na mwezi Machi watumiaji wengi wakajitenga na kuanzisha mtandao wa Hive, inayoendeshwa kwa mtindo uleule.

Kuifikisha sarafu hadi Airtel Money ni safari: soko la sarafu kwanza, kisha mnunuzi, na kila mlango una ada yake. Ukihesabu mega za intaneti unazonunua kwa mama wa chini ya mwavuli, miezi ya mwanzo ni hasara. Anayehitaji fedha za unga wiki hii asianzie hapa.

Ukiamua kuingia, siku ya kufungua akaunti utapewa nenosiri refu la herufi zisizosomeka. Ukilipoteza, hakuna ofisi Lubumbashi wala Marekani itakayokurudishia. Linakili kwenye daftari mara mbili, na nakala moja umpe mama akufichie.