Vinara wa Uhai Katika Shamba la Mitaboni

Mkulima wa Mitaboni, kule Kathiani, hahitaji maabara ili aione biolojia. Inachipua, inashambulia na hata kuua mbele ya macho yake. Hawa hapa sita wanaostahili taji.

Mwenye haraka: mahindi ya Katumani. Mbegu hii ilizalishwa katika kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, miaka ya 1960. Hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, hivyo huukimbia ukame. Mtafiti huteua mimea inayowahi. Katika uteuzi asilia, ukame wenyewe ndio unaoteua.

Mvumilivu: mbaazi. Za kienyeji hupandwa mvua za vuli zikianza na kuvunwa mwaka unaofuata. Mizizi yake huzama chini kufuata maji, na bakteria wanaoishi humo hugeuza nitrojeni ya hewani kuwa mbolea.

Mdogo kuliko wote: kirusi cha mahindi. Ugonjwa hatari wa mahindi uitwao MLN uligunduliwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza huko Bomet, mwaka 2011. Huletwa na virusi viwili vikishambulia pamoja. Kimojawapo ni kidogo hivi: 30,000 vikipangwa mstari mmoja havizidi milimita moja. Ugonjwa huo hauna dawa: ng'oa mmea mgonjwa, panda mbegu safi, badilisha zao.

Msafiri hodari: kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika. Alionekana Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 akawa ameshafika Kenya. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja.

Shahidi mkuu wa uteuzi asilia: selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo haijatoweka penye malaria, ijapokuwa anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Binadamu naye huteuliwa na mazingira.

Muuaji mkubwa: sumukuvu. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yaliwasababishia ugonjwa watu 317 katika Makueni, Kitui, Machakos na jirani zake. Waliofariki walikuwa 125. Ni miongoni mwa milipuko mibaya zaidi ya aina hiyo kurekodiwa duniani. Kuvu hiyo, Aspergillus flavus, hunawiri kwenye nafaka yenye unyevu, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Leo Katumani hutengenezwa Aflasafe: kuvu ya ukoo huohuo isiyo na sumu, inayotawanywa shambani ili iinyang'anye ile mbaya nafasi.

Kati ya hawa sita, wa mwisho ndiye wa kuogopwa zaidi, na ndiye anayezuilika kwa jua na turubai. Anika mahindi juu ya turubai, si kwenye udongo, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5 au chini yake. Yakiota kuvu usiyale, wala usimpe ng'ombe, maana sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.