Injini nyingine, rejeta ileile: kwa nini malori yaliyobadilishwa injini huchemsha milimani

Msafiri anayepita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Burundi na Rwanda huizoea picha hii: lori kuukuu limesimama kando ya mlima, matawi ya miti yametandazwa barabarani kuwaonya wanaokuja nyuma, jiwe limewekwa chini ya tairi, na utingo anapandisha dumu la maji kutoka bondeni. Gari limechemsha. Ukimwuliza dereva, mara nyingine utapata jibu la kushangaza: injini haina ubaya wowote, imefungwa juzi tu.

Kwa wamiliki wengi wa malori ya zamani, kununua injini ya mtumba ni nafuu kuliko kununua lori jingine. Chesisi na ekseli bado ni imara, na mafundi wanaoweza kuifunga wapo. Lakini injini haifanyi kazi peke yake. Inategemea maji ya kuipoza, hewa ya kuvuta na dizeli iliyopimwa, na breki za lori nazo zinaitegemea yenyewe. Mwenye lori akibadilisha injini na kuyaacha hayo mengine kama yalivyokuwa, amenunua nusu ya kazi.

Mfano wa Fuso

Chukua lori la Mitsubishi Fuso lililotengenezwa likiwa na injini ya 6D14 isiyo na tabo, yenye ukubwa wa lita 6.5 na ushei. Mwenye lori anataka nguvu zaidi ya kupandia Mlima Sekenke, mkoani Singida, basi ananunua 6D16 yenye tabo, ya lita 7.5. Injini hizi mbili ni za ukoo mmoja, hivyo ni rahisi kudhani kwamba moja ikitoka, nyingine itaingia bila tatizo.

Tatizo linaanzia kwenye joto. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja ya nishati iliyomo katika dizeli huwa nguvu ya kuendesha gari, theluthi nyingine hutoka na moshi, na inayobaki huchukuliwa na maji ya kupozea. Kwa hiyo injini inayounguza dizeli zaidi huyapa maji joto zaidi. Rejeta iliyotosha kwa injini ya kwanza inaweza kuzidiwa na ya pili, hata kama haivuji na haina uchafu. Kwenye tambarare dereva hataona kitu. Ataona siku atakapopanda mlima mrefu akiwa na mzigo, kwa gia ya chini, wakati upepo unaopita kwenye rejeta ni ule wa feni peke yake.

Feni nayo ina masharti yake. Injini nyingine huikalisha feni juu zaidi, chini zaidi au mbali na rejeta. Kava linaloizunguka feni likiondolewa kwa sababu haliingii tena, feni huzungusha hewa ileile ya moto badala ya kuvuta hewa mpya kupitia rejeta. Tangi dogo la maji nalo sharti liwe juu kuliko sehemu ya juu kabisa ya injini. Vinginevyo hewa hunaswa ndani, na palipo na hewa maji hayapoozi kitu.

Mlima na maji

Maji huchemka kwa nyuzi joto 100 za Selsiasi usawa wa bahari. Katika mita 2,000 huchemka kwa takriban nyuzi 93. Lori linalokwenda Bujumbura hupita Bugarama, juu ya mita 2,000, kabla ya kuteremka hadi mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, katika takriban mita 800. Maana yake ni kwamba pale injini inapotaabika zaidi, ndipo maji yanapokuwa mepesi zaidi kuchemka.

Kinachozuia hali hiyo ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 hushikilia presha inayopandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 20. Mpira wake ukichoka, kinga hiyo yote hupotea. Ni kifaa cha bei ndogo, nacho husahaulika mara nyingi wakati wa kufunga injini ya gharama kubwa.

Thamostati isiondolewe

Katika gereji nyingi, dawa ya kwanza ya gari linalochemsha ni kung'oa thamostati, kwa hoja kwamba maji yatapita bila kizuizi. Katika injini nyingi za malori hoja hiyo si sahihi. Thamostati ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta na, wakati huohuo, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi. Sehemu ya maji ya moto huzunguka na kurudi ndani bila kufika kwenye rejeta, na lori linaweza kuchemsha kuliko awali. Asubuhi za baridi, injini hiyohiyo huchelewa kupata joto, hula dizeli nyingi na huchakaa haraka.

Geji ya joto nayo ichunguzwe. Kitambuzi cha injini mpya kinaweza kutopatana na geji iliyomo ndani ya kabini, na dereva akasomewa joto lisilo la kweli. Tena, maji yakipungua mno, kitambuzi hubaki hewani na mshale unaweza kushuka ghafla. Dereva hufurahi kwamba gari limepoa, kumbe linakauka.

Kupima dizeli

Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na ikiendelea kupewa dizeli ileile hutoa moshi mweusi. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, ila kwa sharti kwamba pampu ya dizeli imepimwa kwa ajili yake. Pampu ya injini yenye tabo aghalabu huwa na kibomba chembamba kinachoipa habari ya presha ya hewa, ili iongeze dizeli hewa inapoongezeka. Kibomba hicho kikiachwa bila kuunganishwa, gari huwa zito. Hapo wengine huikaza skrubu ya pampu kwa kubahatisha ili kuongeza dizeli. Nguvu hupatikana, lakini moshi mweusi unaofuata ni dizeli isiyoungua vizuri, na joto ndani ya silinda hupanda hadi kuweza kuyeyusha pistoni. Pampu na nozo zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia.

Kupanda ni nusu ya safari

Kuna jambo lililo zito kuliko kuchemsha. Malori makubwa hutumia breki za upepo, na kompresa inayoujaza upepo huo huendeshwa na injini. Injini iliyofungwa bila kompresa inayolingana na matangi ya lori, au bila breki ya eksozi iliyokuwapo awali, italipandisha lori vizuri na kulishusha kwa hatari. Kutoka Bugarama hadi Bujumbura lori hushuka zaidi ya mita 1,000 katika takriban kilomita 35. Aidha, injini yenye nguvu haiongezi uzito unaoruhusiwa: ekseli, springi na breki ni zilezile.

Karatasi na majaribio

Namba ya injini ni sehemu ya kumbukumbu za usajili wa gari. Nchini Tanzania usajili huo uko chini ya TRA, na nchini Kenya chini ya NTSA. Mabadiliko ya injini hupaswa kuripotiwa huko. Namba isiyolingana na nyaraka inaweza kuleta maswali mpakani na kwa kampuni ya bima. Risiti ya ununuzi ihifadhiwe, kwani ndiyo inayoonyesha kwamba injini haikuibwa.

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, lori lijaribiwe kwenye mlima, kwanza likiwa na nusu ya mzigo, huku geji ya joto na ya upepo zikitazamwa. Likichemsha, kifuniko kisifunguliwe lingali la moto, wala maji baridi yasimiminwe upesi, kwani kichwa cha injini kinaweza kupasuka. Ni afadhali kasoro ijulikane karibu na gereji kuliko usiku mlimani, lori likiwa na mzigo wa watu.