KIPANDAUSO KILA MWEZI? SHOGA, VITAZAME NA VIDONGE VYAKO!

Haya akina dada, kuanzia Malindi mpaka Makunduchi, leo tuseme lile la uvunguni. Wapo wanawake ambao kila wakikaribia siku zao kichwa kinawapasuka upande mmoja, kinadunda kama ngoma, wanatapika, na mwangaza hawautaki hata wa kibatari. Majirani hawachelewi: "Kachezewa huyo!" Hajachezewa, mwenzangu. Hicho ni kipandauso cha hedhi.

Sababu? Damu inapokaribia kutoka, homoni iitwayo estrojeni hushuka mwilini, na kule kushuka ndiko kunakoamsha kichwa. Huanza siku 2 kabla ya hedhi au katika siku 3 za mwanzo, na kinaweza kukulaza saa 4 mpaka siku 3 nzima.

Sasa tuje kwenye vidonge vya majira. Pakiti nyingi zina vidonge 28: 21 vina homoni, 7 vya rangi ya udongo ni madini ya chuma tu. Ukiingia kwenye hivyo 7, estrojeni inashuka, na kichwa nacho hicho! Wapo wanaopata nafuu kwa majira, wapo wanaozidiwa.

Lakini kuna jambo la kuogopwa. Je, kabla kichwa hakijaanza unaona vimulimuli, mistari inayometameta, jicho linaingia kiza, mkono unafa ganzi au ulimi unakuwa mzito? Kama ndiyo, vidonge vyenye estrojeni si vyako! Shirika la Afya Duniani limeviweka daraja la 4 kwa mwanamke wa hali hiyo, yaani asivitumie kabisa, kwani vinazidisha hatari ya kiharusi. Presha na sigara huongeza balaa. Hata asiyeona vimulimuli, akishatimiza miaka 35 na ana kipandauso, asianze majira hayo kiholela.

Na nyie mnaokimbilia duka la dawa kutafuta cha kuzuia hedhi ili mfunge Ramadhani yote au mkamilishe Hija, mkitumia majira kwa kazi hiyo, onyo ni hilo hilo.

Ila msivitupe vidonge leo, kesho mkaja kulia na mimba! Njia nyingine zipo. Lupu ya shaba haina homoni hata chembe. Sindano ya miezi 3 na kijiti cha mkononi havina estrojeni. Nenda kituo cha afya, uwe Mjini au shamba, upimwe presha. Nesi asipokuuliza habari ya kichwa, mwambie mwenyewe, usione haya.

Ukiona mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au maneno hayatoki, usingoje kikombe cha dawa ya mitishamba. Hospitali, mbio!

Na mabwana nao wasomeeni ukurasa huu. Kupanga uzazi ni kwa wawili, kwa nini kichwa kimuume mmoja?