Mbao za Kusimamisha Ukutani

Katika nchi za juu za Kenya, kama vile Limuru, Kinangop na Molo, nyumba ya mawe yaweza kuwa imara na bado ikawa baridi kama kisima. Ufikapo mwezi wa Julai, ukungu hukawia kuondoka, na mtu akiegemea ukuta jioni huhisi baridi ikimwingia mgongoni. Ndiyo maana wenye nyumba wengi, wakisha kupata fedha kidogo za viazi, maziwa au majani ya chai, humwita seremala aje kuvika kuta za sebule kwa mbao, tena mbao za kusimama, kutoka sakafuni hata darini. Ni shauri jema. Ubao haupitishi joto upesi kama jiwe, na mbao zikisimama chumba huonekana kirefu kuliko kilivyo, wala vumbi halipati kingo za kukalia. Lakini fedha nyingi zimepotea katika kazi hii, kwa kuwa mbao zilisimamishwa kabla hazijawa tayari, na nyuma yake hapakuwekwa kitu cha kuzishika.

Yampasa mwenye nyumba kufahamu kwanza tabia ya ubao. Hata baada ya mti kukatwa, ubao huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua. Wala hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu haupungui kiasi cha kuonekana, bali kwa upana hupungua sana. Ubao wa saiprasi wenye upana wa inchi 6, ukinunuliwa ukiwa mbichi, waweza kupungua sehemu ya nane ya inchi, pengine hata zaidi, ukisha kukauka ndani ya nyumba. Mtu ataona kuwa hilo ni jambo dogo. Basi na ahesabu: ukuta wa futi 12 huchukua mbao 24 za namna hiyo, na sehemu ya nane kwa kila ubao ni inchi 3 nzima. Inchi hizo hazipotei. Hutokea ukutani kama nyufa, na ubao uliobanwa kwa misumari pande zote mbili hupasuka katikati.

Saiprasi, mti ulioletwa kutoka nchi za Meksiko na jirani zake, ndio unaopatikana kwa wingi madukani. Ni mti mwepesi kwa randa, wenye rangi ya kupendeza. Mtarakwa ni bora zaidi kwa kuvumilia mchwa, lakini ni mti wa asili usioruhusiwa kukatwa ovyo, na mwenye mbao kuukuu za mtarakwa zilizobomolewa katika nyumba ya zamani asizigeuze kuni. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na katazo hilo halikutangazwa kuondolewa mpaka Julai 2023. Katika miaka hiyo mbao nyingi zilitoka katika mashamba ya wakulima wenyewe, na miti iliyokatwa ikiwa michanga hutoa mbao zenye kujipinda kuliko za mti uliokomaa. Mnunuzi atazame ncha ya ubao: miviringo ikiwa mipana sana, nao moyo wa mti umo katikati ya ubao, auache.

Mbao zikisha kufika nyumbani zisipigwe ukutani siku ile ile, hata kama fundi anasema ana kazi kwingine. Zipangwe chini ya paa, mahali penye upepo, juu ya magogo yaliyoinuka kutoka ardhini, na baina ya safu na safu viwekwe vijiti vya unene mmoja, vikiwa vimesimamana juu kwa chini. Juu kabisa ziwekwe mawe mazito. Ili kujua kama zimekauka, hakuna haja ya chombo cha ghali. Mwenye nyumba achague ubao mmoja, aupime kwa mizani kila Jumamosi na kuandika uzito wake. Maadamu uzito unapungua, maji yangali yakitoka; ukikaa palepale kwa majuma matatu, mbao ziko tayari. Kisha ziingizwe ndani ya chumba chenyewe zikae juma moja au mawili, zizoee hewa yake.

Sasa yaja jambo ambalo mafundi wengi hulikosea. Mbao zinazolala hupigiliwa juu ya nguzo zilizosimama. Lakini mbao zinazosimama haziwezi kushikwa na nguzo zinazosimama pia, kwa maana nyingine zitaangukia baina ya nguzo na kukosa pa kupigiliwa. Ubao wa kusimama wataka mti unaolala nyuma yake. Katika nyumba ya mabanzi au ya fremu, vipande vikatwe na kuingizwa kwa kulala baina ya nguzo. Katika nyumba ya mawe, yafungwe mapapi, yaani mbao za inchi 2 kwa 1, yakilala kutoka pembe hata pembe, kwa skrubu zinazoingia katika plagi ukutani. Kwa mbao za unene wa inchi moja, nafasi ya futi 2 baina ya papi na papi yatosha. Ukuta wa futi 8 wahitaji mapapi 5. Ukuta ukiwa na mabonde, vijazwe vigae vyembamba vya mbao nyuma ya papi mpaka uzi uliovutwa uguse mapapi yote sawasawa. Kila papi likatwe pengo la inchi mbili hapa na pale, ili hewa ipate kupanda; bila mapengo hayo unyevu utafungwa nyuma na kuleta ukungu.

Ubao wa kwanza ndio unaoamua ukuta mzima. Usifuatishwe pembe ya chumba, kwani pembe zilizonyooka ni chache kuliko watu wanavyodhani, ufuatishwe timazi. Kabla ya hapo ukuta upimwe wote na kugawanywa kwa upana wa ubao, ili ule wa mwisho usiwe ukanda wa vidole viwili. Salio ligawiwe pembe mbili.

Mbao zenye ulimi na mfuo hupigiliwa msumari mmoja kwa mshazari katika ulimi, nao hufichwa na ubao unaofuata. Upande mmoja tu umeshikwa, hivyo upande wa pili waweza kujongea ndani ya mfuo. Kwa mbao za kawaida zinazofunikwa kwa ukanda mwembamba, misumari iwe katikati ya ubao, na ule wa ukanda upite katika mwanya baina ya mbao mbili, usiguse hata mmoja. Uso uliokuwa upande wa moyo wa mti uelekee chumbani. Hapo ubao ukijipinda, kingo zake hukaza ukutani badala ya kuinuka.

Ukuta unaolia maji usifunikwe kamwe mpaka chanzo chake kiponywe. Kadhalika mchwa: hupanda kwa njia zao za udongo nyuma ya mbao, mahali wasipoonekana, na mwenye nyumba huwajua siku kidole kinapozama katika ubao. Mapapi yatiwe dawa kabla ya kufungwa, na ubao mmoja karibu na sakafu ushikwe kwa skrubu tu, upate kufunguliwa na kukaguliwa. Karibu na jiko au meko mbao zisiwekwe. Penye soketi za umeme aitwe fundi mwenye leseni, azisogeze mbele zilingane na uso mpya wa ukuta.

Vanishi au mafuta yapakwe pande zote mbili za ubao kabla haujapigiliwa, kwa sababu ubao uliopakwa mbele peke yake hunywa unyevu kwa nyuma na kujipinda. Chini iachwe nusu inchi, maji ya kupigia deki yasipande katika nyuzi za mti. Nafasi hiyo hufunikwa na skatingi, na juu, penye dari, ukanda mwembamba watosha.