Sabuni Haijakauka, Marejesho Yamefika

Sabuni ya mwani haitaki pupa. Kostiki soda humiminwa kwenye maji, kamwe maji hayamiminwi juu yake, kisha huachwa ipoe ndipo ichanganywe na mafuta ya nazi. Hukorogwa mpaka uji ushike, ukatiwa unga wa mwani, na mwisho mafuta ya karafuu au mchaichai. Ikishaganda hukatwa vipande, vikapangwa kwenye rafu ya mbao kwa kuachiana nafasi hewa ipite. Hapo vitageuzwageuzwa wiki nne hadi sita. Vikiuzwa mapema vinayeyuka bafuni na huenda vikamwasha mteja ngozi.

Kilichonikaa kichwani huku pwani ya mashariki ya Unguja, jirani na Paje, ni daftari lililowekwa kwenye rafu hiyo. Kushoto zimeandikwa tarehe sabuni zilipokatwa, kulia tarehe za marejesho ya mkopo. Sabuni za mstari wa kwanza hazijaingiza hata shilingi, na kulia tayari marejesho manne yamepigwa alama ya vema.

Mwenye daftari ni mama wa makamo, mkulima wa mwani tangu usichana wake. Hataki jina lake liandikwe, maana bado anadaiwa. Mkopo hausemi vibaya: bila huo, anasema, asingeweza kununua mafuta ya nazi kwa ndoo. Ugomvi wake ni na Jumatatu, siku ya marejesho ya kila wiki. Jumatatu, kwa maneno yake, haijui bamvua wala maji mafu.

Na kazi yake yote inakwenda kwa bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa mbali, wanawake wakashuka kufunga mbegu na kuvuna. Yakija maji mafu, shamba halifikiki. Mbegu iliyofungwa leo huvunwa baada ya siku 45 hivi, halafu mwani uanikwe, usagwe, ndipo sabuni ianze safari yake ya rafuni. Hesabu hiyo inakaribia miezi mitatu. Angeweza kuuza mwani mkavu kwa wanunuzi, kama wenzake wanavyofanya tangu kilimo hiki cha biashara kilipoanza Zanzibar mwaka 1989. Lakini bei ya mwani mkavu ni ndogo, na ni kuikimbia bei hiyo kulikomtia kwenye sabuni.

Marejesho ya kila wiki yalienezwa na Grameen, mfumo wa mikopo midogo alioanza kuujaribu Muhammad Yunus mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra, Bangladesh. Muuza maandazi yanamfaa, kwani jioni ana fedha mkononi. Msindikaji hulipa kwa fedha ya kitu kingine. Mama huyu amelipa kwa kuchota kwenye kikundi cha hisa, chenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa wanachama watatu. Pale anapewa miezi ya kurejesha, lakini mfuko ni mdogo na wenye shida ni wengi. Mara moja alikopa kwingine ili alipe. Hilo alilieleza haraka, akahamia habari nyingine.

Kulegeza ratiba nako kuna gharama zake. Huko Kolkata, India, Erica Field, Rohini Pande na wenzao, katika utafiti uliochapishwa 2013, waliwalinganisha wakopaji walioanza kulipa baada ya wiki mbili na waliopewa miezi miwili. Waliopewa muda waliwekeza zaidi na faida yao ikakua. Walioshindwa kulipa nao wakaongezeka. Hasara hiyo aibebe nani? Na masika, wageni wanapopungua hotelini, hata sabuni iliyokauka sawasawa inunuliwe na nani? Mama hana jibu, nami sina.

Lakini kuuliza swali moja hakugharimu kitu. Afisa mikopo, kabla hujajaza siku ya marejesho kwenye fomu, muulize mkopaji bidhaa yake itauzika lini. Kisha andika tarehe aliyokutajia.