Sumu Inayozaliwa Ndani ya Ini

Mwaka 1985 mvua zilikatika wilayani Tarime. Nafaka zilikauka mashambani, kikabaki kile ambacho ukame haukiwezi: muhogo mchungu. Watu waliula asubuhi, wakaula jioni, na kwa kuwa njaa haina subira, siku za kuuvundika na kuuanika zikapunguzwa. Haikuchukua muda, watu wapatao 40, wengi wao watoto na wanawake, miguu yao ikakakamaa. Hawakuugua kidogo kidogo. Mtu alikuwa mzima jana, leo hawezi kutembea bila kushikilia kitu, na kilema hicho hakikuondoka.

Ugonjwa huo huitwa konzo. Daktari William Howlett na wenzake, akiwemo mtafiti wa chakula Mtanzania Nkwabi Mlingi na Hans Rosling wa Sweden, aliyekuwa ameuona mlipuko kama huo kaskazini mwa Msumbiji mwaka 1981, waliuchunguza Tarime na kuchapisha matokeo yao mwaka 1990. Katika miili ya watu wa vijiji vile walikuta thiosianeti kwa wingi. Hiyo ni alama inayobaki baada ya mwili kupambana na sianidi, sumu ya muhogo mchungu.

Kisa hiki kilistahili kukumbukwa mkoani Mara kuliko kinavyokumbukwa, kwa sababu kinaeleza jambo ambalo mijadala yetu ya sumu hulipita. Tunauliza sana nini kiliingia mtoni au kwenye chungu. Hatuulizi kiligeuka kuwa nini baada ya kumezwa.

Karibu kila kinachonyonywa tumboni hupelekwa na damu kwenye ini kabla ya kufika kwenye moyo au ubongo. Humo, vimeng'enya hukipokea na kukibadilisha: kukivunja, kukiongezea oksijeni, kukibandika na kitu kingine ili kiyeyuke na kutoka kwa mkojo au nyongo. Mara nyingi kinachotoka ni hafifu kuliko kilichoingia. Mara nyingine ni kikali zaidi, na ini ndilo la kwanza kuungua.

Sianidi ni mfano wa upande mwema. Kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho kimejaa kwenye ini, huibandika sianidi na chembe ya salfa ikawa thiosianeti, ambayo si kali hivyo, kisha figo huitoa. Lakini salfa hiyo haitoki hewani. Inatoka kwenye protini: samaki, nyama, maziwa, mayai, na kwa kiasi kidogo maharage. Mwaka 1985 waliokuwa wanakula muhogo mtupu walikuwa wanaingiza sianidi kila siku huku wakiwa hawana salfa ya kuituliza. Baadhi ya sianidi ikikosa salfa hugeuka sianeti, na watafiti kadhaa wanashuku kuwa huenda hiyo ndiyo inayodhuru neva. Hata thiosianeti yenyewe haina wema usio na mipaka: ikizidi huzuia madini joto kuingia kwenye tezi ya shingo, na mahali penye upungufu wa madini hayo, uvimbe wa shingo huongezeka.

Leo neno sianidi likitajwa Tarime, fikra hazikimbilii muhogo. Zinakimbilia Nyamongo. Mgodi wa North Mara ulioko huko ulianza uzalishaji mwaka 2002, na kama migodi mingi mikubwa ya dhahabu duniani, hutumia sianidi kuitoa dhahabu kwenye mawe yaliyosagwa. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini hadi Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mto Mara. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi huo, ukiwa chini ya kampuni ya Acacia, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira, na Julai mwaka huo likaamuru bwawa la mabaki lisitumike mpaka lirekebishwe. Kisha Machi 2022 maji ya Mara yakageuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoongozwa na Profesa Samuel Manyele ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vikamaliza oksijeni majini. Wako wananchi na wabunge walioipinga taarifa hiyo waziwazi, na ubishi wake haujaisha.

Katika ubishi huo kila mtu alitaka jibu moja: kuna sianidi au hakuna? Swali hilo ni jembamba mno. Sianidi haidumu juani. Jua na hewa huivunja, na kinachobaki kwenye mabaki ya mgodi ni sianeti, thiosianeti na amonia, ambayo ni hatari kwa samaki. Maji yanaweza kupimwa yakakutwa hayana sianidi, na bado yakawa na shida nyingine. Mawe ya mgodini yenyewe yana salfaidi. Yakikutana na maji na hewa hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha metali zilizokuwa zimelala ndani ya mwamba. Mojawapo ya vinavyoweza kuachiwa ni arseniki. Utafiti wa Åsgeir Almås wa Norway na Mkabwa Manoko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta arseniki kwa viwango vya juu katika baadhi ya sampuli kutoka maeneo yanayozunguka migodi ya Geita na North Mara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za arseniki kwa lita.

Arseniki ndiyo inayoonyesha upande wa pili wa ini. Ini huiondolea oksijeni na kuibandika vipande vidogo vya kaboni, hatua kwa hatua, ili itoke kwa mkojo. Katikati ya kazi hiyo hutokea umbo moja, arseniki iliyobandikwa kipande kimoja tu, ambalo ni kali kuliko arseniki iliyomezwa. Likikamilishiwa hatua ya mwisho upesi, hutoka. Likikwama hapo, hushambulia seli zilizolitengeneza, na kwa miaka mingi ya kunywa maji ya namna hiyo ini linaweza kupata makovu. Kinachosaidia hatua ya mwisho ni foleti ya mboga za majani na methionini ya protini.

Pembeni ya arseniki, weka pombe. Gongo ya kienyeji ikiwa ni ethanoli tupu, ini huigeuza asetaldehaidi, sumu inayoshika protini za seli, kisha huigeuza tena kuwa kitu kisicho na madhara. Mnywaji wa kila siku halipi ini lake nafasi ya kumaliza. Ikichanganywa methanoli ni balaa jingine. Methanoli yenyewe hulevya tu. Ni ini linaloigeuza fomaldehaidi, halafu tindikali ya fomiki, na hiyo ndiyo hupofusha macho na kuua. Mei 2014, ng'ambo ya mpaka, katika kaunti za Embu, Kitui, Kiambu na nyingine za Kenya, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 80.

Weka pia mahindi yaliyovunda ghalani. Sumukuvu inayozaliwa humo haina makali mpaka ini liiongezee oksijeni. Hapo hujibandika kwenye vinasaba vya seli za ini, na saratani ya ini hupata mlango. Mwaka 2016 sumukuvu iliwakumba watu wa Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Mkulima wa pamba au tumbaku wilayani Serengeti anayepulizia dawa bila kinga ana hadithi ile ile. Viuatilifu vingi vya jamii ya fosifati, klopirifosi ikiwemo, huwa vikali zaidi baada ya ini kuvibadilisha.

Sasa mfikirie mtu mmoja katika kijiji cha bonde la Mara, upande wa Tarime au wa Serengeti. Ugali wake ni wa udaga wa muhogo. Jioni hunywa gongo. Maji huchota mtoni kisima kinapokauka. Msimu wa palizi hupulizia dawa, na kichwa kikimuuma hununua panado dukani. Panado nayo, sehemu yake ndogo, ini huigeuza kitu kikali ambacho hutulizwa na glutathioni, na glutathioni hutengenezwa kwa sisteini, kiungo cha protini chenye salfa ileile inayotuliza sianidi ya muhogo. Pombe ya kila siku huongeza kimeng'enya kinachotengeneza hicho kitu kikali. Sumu hizi zote zinachota ghala moja, na kwa mtu asiyepata dagaa wala maziwa ghala hilo halijai. Hakuna kiwango salama kilichoandikwa kwa ajili ya huyo mtu. Viwango vyetu huandikwa kwa sumu moja moja.

Ndiyo maana naamini kupima maji peke yake hakutoshi. Mtu naye apimwe, na apimwe mapema. Arseniki iliyopitia ini huonekana kwenye mkojo kwa siku chache tu. Thiosianeti hudumu siku kadhaa. Alama ya sumukuvu iliyoshikamana na albumini ya damu ndiyo hukaa kwa majuma. Kamati ikiundwa, ikasafiri, ikaandika na kusoma taarifa yake, ushahidi uliokuwa ndani ya miili ya wanavijiji umeshamwagwa chooni. Wahudumu wa zahanati za Tarime na Serengeti wanaweza kufundishwa kukusanya mkojo na damu ndani ya juma la tukio, kuvihifadhi kwenye ubaridi na kuvipeleka maabara pamoja na chupa za maji ya mto, na kuandika kando ya kila sampuli mhusika alikula nini, alikunywa nini na alipulizia nini. Vipimo vya kawaida vya vimeng'enya vya ini vinaweza kufanyika hospitali ya wilaya.

Kwa upande wa muhogo, hakuna haja ya kungoja kamati. Unga uliokwisha kusagwa unaweza kuloweshwa kwa maji, ukatandazwa mwembamba kwenye beseni au turubai, ukaachwa juani saa mbili au kivulini saa tano. Sianidi iliyobaki huondoka hewani. Njia hii ilibuniwa na Howard Bradbury wa Australia, na imetumika katika vijiji vilivyopata konzo Kongo. Unga huo upikwe siku hiyohiyo.