Funza Hatokani na Uvivu wala Laana

Funza, ambaye katika baadhi ya sehemu huitwa tekenya, ni kiroboto mwenye urefu wa takriban milimita 1, ambaye jike lake hujipenyeza katika ngozi ya binadamu au mnyama na kubaki humo hadi kufa. Ugonjwa anaouleta, ambao wataalamu huuita tungiasisi, umo katika kundi la magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, yaani maradhi yanayowaandama zaidi maskini wa vijijini na ambayo kwa muda mrefu hayakutengewa dawa wala fedha za kutosha. Asili ya mdudu huyu ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Inaelezwa kwamba alifika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, na kabla ya karne ya 19 kumalizika alikuwa amekwisha kuvuka bara hadi Afrika Mashariki, ambako hadi leo anawatesa hasa watoto na wazee katika vijiji vya Kenya, Uganda na Tanzania.

Utambuzi wake hauhitaji maabara, kwa kuwa macho ya mhudumu wa afya ya jamii aliyefunzwa vizuri yanatosha. Kwanza huonekana kidoa chekundu kinachowasha, kwa kawaida kandokando ya kucha za miguu, kwenye kisigino au unyayoni. Kisha, katika muda wa wiki moja au mbili, mdudu huvimba kwa mayai hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere, na ngozi juu yake hufanya duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Nukta hiyo ni ncha ya nyuma ya mdudu mwenyewe, iliyoachwa nje ili apate kuvuta hewa, kutoa kinyesi na kudondosha mayai, na ndiyo maana anayechunguza mguu kwa makini huweza kuona mayai meupe yamenata pembeni mwake. Baada ya wiki nne hadi sita funza hufa akiwa humo humo, naye mgonjwa huachiwa kigaga cheusi.

Madhara makubwa huja wakati bakteria wanapoingia kupitia tundu hilo, au familia inapomchokoa funza kwa pini, sindano au mwiba mmoja unaopita mguu hadi mguu, kwani kifaa hicho kichafu kinaweza kuleta pepopunda na kuambukiza homa ya ini aina ya B au virusi vya UKIMWI. Kumwagia vidonda mafuta ya taa au dawa ya kuulia wadudu wa mimea, kama wafanyavyo baadhi ya watu kwa kukata tamaa, ni hatari vilevile, na vidonge vya ivamektini, vinavyosaidia katika magonjwa mengine ya vimelea, havijaonyesha manufaa dhidi ya funza. Dawa inayotia matumaini ni dimetikoni, mafuta mepesi ya silikoni yanayotumika pia kuua chawa, ambayo yakidondoshwa juu ya ile nukta nyeusi hupenya katika tundu la kupumulia na kumkosesha mdudu hewa, bila damu wala maumivu. Katika jaribio lililofanyika Kenya kwa watoto, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2014, takriban asilimia 78 ya funza waliotiwa dimetikoni hawakuwa na dalili za uhai baada ya siku 7, ikilinganishwa na asilimia 39 pale miguu ilipoloweshwa katika maji ya pamanganeti, tiba iliyozoeleka nchini humo.

Hata hivyo, mguu uliopona ukirudi kukanyaga sakafu ile ile ya vumbi huambukizwa upya, maana mayai huanguliwa ardhini na mabuu hukulia katika udongo mkavu wa chumbani, uani na darasani, huku nguruwe, mbwa na paka wakiendelea kueneza mayai mapya katika udongo huo. Kwa hiyo matibabu ya kweli hujumuisha wanyama wa nyumbani, viatu vilivyofunika mguu, maji na sabuni ya kunawia kila siku, pamoja na sakafu iliyosakafiwa kwa saruji au angalau kushindiliwa vizuri. Kaya nyingi zinazougua haziwezi kumudu gharama hizo, na ni dhuluma kumwita mtoto wa kaya kama hizo mchafu au kumcheka hadi akaacha shule. Serikali za wilaya, walimu na viongozi wa dini wanaotaka kumaliza funza na waanze kwa kuhakikisha kwamba dimetikoni inapatikana katika kila zahanati ya eneo lililoathirika, na kwamba sakafu za madarasa ya umma zinatiwa saruji.